Wimbo Uliokatwa na Mvua

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Kavata aliomba mvua isinyeshe.

Hakumwambia mtu. Machakos, mwezi wa Oktoba, ombi kama hilo ni sawa na kumtakia jirani njaa. Naye alikuwa mjane wa kuheshimika, mama wa kwaya, mwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazazi pembezoni mwa mji na tangi kubwa la saruji ambalo baba yake alilichimba chini ya ua. Kiangazi kilipozidi, mtaa mzima ulikuja kuteka maji kwake.

Mambo yalianza mwishoni mwa Septemba, Njambi alipobisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Syokimau, na kazi yake ilikuwa kutafuta kaseti zilizosahaulika na kuzipeleka kwenye mtandao. Aliketi ukingoni mwa kiti, akatoa simu, akabonyeza. Kinanda cha umeme kikaanza polepole, kizito, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kisha ikaja sauti ya msichana.

Kavata aliweka kikombe mezani kabla hakijamponyoka.

"Mama, unamjua huyu?"

"Huyo alikuwa mimi."

Walikuwa watatu, mwaka ule wa njaa wa 1984. Kavata aliimba. Bartholomew, mpiga kinanda wa kanisa, alikibeba kinanda hicho siku za wiki akidai ni mazoezi ya kwaya. Kisilu alikuwa na kimashine cha kupiga ngoma ambacho mjomba wake baharia alimletea. Bendi zote za Ukambani zilisimama juu ya gitaa. Wao hawakuwa nalo hata moja, na vijana wenzao waliwacheka: hiyo ni bendi ama ni jenereta? Kwa aibu, na kwa kuogopa mchungaji, walishuka na vyombo vyao ndani ya tangi lililokauka, waya wa stima ukipitia dirisha la jikoni. Huko chini kila sauti ilizunguka ukuta na kurudi imenenepa. Wakajiita Bendi ya Stima. Walirekodi kwa redio ya kaseti iliyoning'inizwa kwenye ngazi, wakagawa kaseti chache kwa waliokubali kuzipokea.

Wimbo wa mwisho haukuisha. Katikati ya ubeti wa pili kaseti inanasa sauti ya baba yake Kavata akipiga kelele kutoka juu: tokeni, mvua imekuja, tokeni! Hapo inakatika. Tangi lilijaa, kinanda kikarudi kanisani, na bendi ikafa. Kisilu alienda Mombasa na akazikwa huko huko. Bartholomew akawa mkulima Kalama. Kavata akaolewa na mtu ambaye hakutaka kusikia habari za mke anayeimba nje ya kwaya.

"Watu wananiuliza kila siku wimbo huu unaishaje," Njambi alisema. "Na nani anaimba. Sisi tumeandika tu 'mwimbaji hajulikani'."

Hajulikani. Kavata alilirudia neno hilo moyoni, akaona limemkaa kama nguo aliyoshonewa.

Alijaribu kuuimba pale sebuleni. Sauti ilianguka kwenye zulia ikafa. Wakampigia Bartholomew.

"Wewe Kavata, uko na wazimu!" Bartholomew alicheka mpaka akakohoa. "Ule wimbo unataka tangi. Likikauka niite haraka. Hii sukari imeanza kunila vidole. Vinavyonisikia vimebaki saba."

"Saba vinatosha?"

"Kisilu alikuwa anapiga na kimoja na hukuwahi kulalamika."

Njambi akaahidi kuleta kinanda cha umri ule ule. Ndani ya tangi yalibaki maji ya kufika kiunoni, na Kavata akaanza kuyagawa bure.

"Aiya!" Mutindi, jirani yake, alishika kiuno. "Juzi ulikuwa unatupimia maji kama dawa ya kikohozi, leo unasema beba unavyotaka? Unakufa ama unahamia majuu kwa wazungu?"

"Nataka kuosha tangi."

"Basi osha haraka. Mungu ako karibu kuleta mvua."

"Hana haraka," Kavata alisema. Mutindi akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mzaha, kisha akainua mtungi wake.

Jumapili kanisa lilifanya maombi ya mvua. Wanawake walipiga magoti wakalia kwa sauti, maana wengi walikuwa wamekwisha kupanda kwenye vumbi na mbegu zilikuwa zikiliwa na mchwa. Kavata alipiga magoti pamoja nao. Midomo yake ilifuata ya wengine, lakini moyoni alikuwa na neno moja tu: bado. Aliona haya, na hakuacha.

Ijumaa alishuka mwenyewe na bakuli na tambara, akafuta tope la mwisho. Akasimama katikati, akataja jina lake. Tangi likamrudishia jina hilo, na tena, na tena, kwa sauti ambayo haikuwa imezeeka hata kidogo. Akaketi kwenye saruji yenye unyevu, akalia.

Jumamosi asubuhi mawingu yalikuwa yamelalia vilima vya Iveti. Mpango ulikuwa Njambi ateremshe kinanda, kisha aende Kalama kumchukua Bartholomew. Walikuwa wamekifikisha barazani matone ya kwanza yalipogonga mabati. Halafu mbingu ikafunguka.

Mtaa ulipiga vigelegele. Mutindi alitoka na mabeseni akicheza kwenye matope kama msichana. Kavata alikimbilia nyuma ya nyumba, akashika bomba la gata linaloingiza maji ya paa tangini, akaling'oa mdomoni mwa tangi na kuligeuzia njiani. Maji safi ya paa zima yakaenda na takataka.

"Kavata! Bomba limetoka! Rudisha!"

Hakurudisha.

"Kavata, ni nini?" Mutindi alikuwa ameacha kucheza. "Unamwaga mvua?"

Simu ya Njambi ililia. Alitazama jina, akapokea akisema anampa Kavata, akaiweka sikioni mwake, kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa kwenye bomba.

"Kavata! Imenyesha huku!" Bartholomew alikuwa akilia. "Ndengu nilizipanda kwa vumbi, nikasema hizi zimeenda. Imenyesha! Huko je?"

"Hata huku."

Mvua ya Kalama na ya mjini zikanyesha pamoja ndani ya simu moja.

"Oh," Bartholomew alisema. "Tangi."

"Tangi."

"Dada yangu, mimi nilikuwa naomba kila siku inyeshe. Ningekwambiaje?"

"Uliomba vizuri," Kavata akasema. Alilirudisha bomba mahali pake.

Walisimama barazani yeye na Njambi, wamelowa.

"Tutajaribu mwakani, mama. Kiangazi kitarudi."

"Kiangazi kitarudi. Vidole?"

Njambi alikisogeza kinanda mbali na manyunyu. Baadaye akasema, "Basi niimbie mwisho wake hapa tu, niusikie."

"Unaishia pale pale. Baba anaita, tunatoka. Waambie hivyo."

"Na majina?"

"Andika Bartholomew. Andika Kisilu."

"Na lako?"

Kavata alitazama ng'ambo ya ua. Mutindi alikuwa amesimama kwenye mvua, mabeseni yakifurika miguuni mwake, na bado alikuwa akimtazama.

"Langu liache lilivyoandikwa."

Gari lilipoondoka alirudi akainama juu ya tangi. Mwanzoni maji yaliyoanguka yaliitikiwa kutoka chini kwa sauti pana, ile ile ya zamani. Yalivyozidi kupanda, mwangwi ulizidi kuwa mfupi. Alisikiliza mpaka tangi likaacha kuitika, kukabaki maji yanayoingia majini. Ndipo akafunika.