Simu ya Upepo Iliponyamaza

Februari 1958, simu ya upepo ya Mbeya ilinyamaza. Lutengano, mpokezi wa kituo, aliita Iringa, akaita Dar es Salaam, akabadilisha masafa mpaka vidole vikamuuma. Masikioni hakupata ila mngurumo. Ndege ilikuwa ikingojewa, na bwana mkubwa alisimama mlangoni akitaka jibu.

"Ni Jailos," Lutengano akasema. Jailos ndiye aliyetunza betri na waya. "Nilimwona asubuhi akichezea koili ya mtambo."

Hakumwona. Aliogopa tu lawama isimwangukie yeye. Jailos alifukuzwa siku hiyohiyo, akarudi kwao Kilolo. Kesho yake sauti zikarudi zenyewe, naye Lutengano akaacha watu waamini kwamba ametengeneza yeye. Akasifiwa.

Wiki tatu baadaye ukaja waraka kutoka makao makuu. Jua lilikuwa limetema chembe zenye nguvu nyingi. Zilipofika duniani ziliwasha mianga myekundu na ya kijani katika anga za nchi za kaskazini, wataalamu wakaitazama na kuipiga picha. Dhoruba hiyohiyo ilivuruga tabaka la juu la hewa, lile linalorudisha mawimbi ya redio ardhini. Vituo vingi vilinyamaza. Hakuna chombo kilichokuwa kibovu.

Lutengano aliusoma mara mbili, uso ukimwaka. Alikuwa peke yake ofisini, angeweza kuuchana. Akaupeleka kwa bwana mkubwa, akakiri yote. Alishushwa cheo, akapewa barua ya kumrudisha Jailos kazini.

Alipanda basi hadi Iringa, kisha akatembea mpaka Kilolo. Akamkuta Jailos akipalilia mahindi na mkewe, Lusia.

"Kamwene," akasalimu, macho chini. Aliyeitikia ni Lusia.

"Sikukuona ukigusa chochote, ndugu yangu. Nilidanganya. Barua hii inakurudisha kazini."

Jailos hakuipokea. "Huku wanasema niliiba waya. Baba mkwe hajakanyaga kwangu tangu nirudi. Barua itawafuata nyumba kwa nyumba?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Jumapili akasimama kanisani mbele ya watu wasiomjua, jasho likimtoka, akaeleza habari za jua, za mianga, na za uongo wake. Mama mmoja wa mbele alimkazia macho mpaka Lutengano akaketi.

Jailos alirudi Mbeya mwezi wa nne. Alifanya kazi yake, akasalimu kila asubuhi. Zamani walikula sahani moja. Sasa mchana ukifika alichukua chakula chake akaenda kula nje, na Lutengano hakuthubutu kumfuata.