Yupo-Hayupo na Fulana za Ndoto

Mtaani walimwita Yupo-Hayupo, naye aliitika bila kinyongo, ingawa mara nyingi aliitika kwa kuchelewa, kana kwamba sauti ya mwitaji ilibidi imfuate mbali kwanza ndipo imrudishe. Ungemkuta barazani anamenya viazi, kisu kinakwenda, maganda yanadondoka, macho yametulia ukutani. Ukimuuliza anaangalia nini, angekujibu kwa upole, "Naangalia kivuli cha kamba ya nguo kinavyotembea." Kisha angeendelea kumenya.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na hakuna aliyemfikia kwa kola za mashati wala mikunjo ya suruali. Aliipenda pasi kama wengine wanavyopenda kuogelea: joto likipanda, mvuke ukimgusa uso, mkono ukiteleza juu ya kitambaa, yeye huyo, keshazama. Siku moja alizama mno. Alipoibuka, moshi ulikuwa umejaa chumba, na mgongoni mwa koti la bwana harusi palikuwa na alama nyeusi ya pasi, imechongoka kama mtumbwi. Dobi, mtu wa huruma lakini asiyependa hasara, alimwita pembeni.

"Dada yangu, mikono yako ni dhahabu," alimwambia. "Tatizo ni mwenye mikono. Yupo, hayupo."

Wakaachana kwa amani. Lakini habari zina miguu. Alipofika nyumbani, jina lilikuwa limeshamtangulia.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa kaka yake, fundi friji, mtu wa maneno machache na mifuko iliyojaa bisibisi. Yupo-Hayupo alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama uani. Mke wa kaka, yaani wifi yake, alikuwa mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo na kulala baada ya paka. Funguo za nyumba nzima zilining'inia kiunoni mwake, na ulimi wake haukujua likizo. "Wifi, chai inapoa! Wifi, maziwa yanamwagika, nawe unayatazama kama sinema!" Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu mmoja anayefanya kazi za watu watatu, na kila alipomwona mwenzake anaelea, alihisi mzigo wake mwenyewe umeongezwa jiwe.

Kilichomkera zaidi ni ndoto. Yupo-Hayupo aliota kila alipolala, na asubuhi, mkate ukiwa mkononi, alisimulia. Aliota ngazi imesimama katikati ya maji, na paka yuko juu kabisa anabisha hodi kwenye wingu. Aliota kiti kimeota mizizi sebuleni na mgeni hataki kuondoka. Akishasimulia, aliichora kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu, hata kama ni ya kufungia sukari. Kaka yake alicheka puani. Wifi alikusanya vikombe.

Binti wa kaka ndiye aliyeleta mabadiliko. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka la picha na fotokopi, na huko mwenye duka alikuwa ameagiza karatasi za kuhamishia picha kwenye nguo, akangoja wateja, wateja wasije. Zikawa zinakula vumbi. Jioni moja binti akaja na fungu zima kwapani, pamoja na kompyuta kuukuu na printa ndogo inayonakili michoro, vilivyokuwa vimetupwa stoo.

"Shangazi, hizi zimekosa mtu," alisema. "Unatoa picha kwenye printa, unailaza kifudifudi juu ya fulana, unapiga pasi. Picha inaihama karatasi, inahamia kwenye nguo."

"Inahama?" Yupo-Hayupo alishika ile karatasi, akaipapasa kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto. "Inahama kabisa, hairudi?"

"Ukiipiga pasi vizuri, hairudi."

Kaka yake aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Basi nyumba hii sasa ina joto la pasi na baridi ya friji. Tutakufa kwa mafua."

Fulana ya kwanza iliharibika. Aliibandua karatasi ingali moto, na nusu ya ua alilochora ikabaki kwenye karatasi. Ya pili ilitoka na ukungu, kwa sababu pasi ilikuwa na maji. Baada ya hapo mikono ilianza kukumbuka. Aligundua kwamba meza ya mbao ni bora kuliko meza ya pasi yenye sponji, bora itandikwe foronya iliyonyooka tu. Aliipiga pasi fulana tupu kwanza, aifukuze unyevu. Kisha alilaza picha, akaegemea pasi kwa uzito wa mwili wake wote, akiisogeza polepole toka katikati kwenda pembeni. Halafu akangoja. Kungoja huko ndiko kulikowashinda wengi, na yeye ndiko alikopata raha yake. Karatasi ilipoa, chumba kikanyamaza, naye akakaa na kiganja juu ya nguo kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Kisha alishika pembe moja, akabandua taratibu, na picha ikabaki pale, hai, kana kwamba ilizaliwa na pamba.

Wateja walianza kuja mmoja mmoja: timu ya mpira ya mtaani, bibi aliyetaka nyuso za wajukuu wake, wafagiaji waliotaka jina la kikundi chao. Wifi alilalamika kuhusu umeme, lakini aliwafungulia mlango.

Kisha akaja mwenye saluni, mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika mtaa wa pili na hasira yake mtaa wa tatu. Alikuwa anahamia chumba kipya, chenye vioo kila ukuta, na alitaka wasusi wake wote wavae fulana nyeupe siku ya kufungua. Maneno alikuja nayo kichwani: KICHWA CHAKO, KAZI YETU.

Sasa, karatasi hizi zina kigeugeu chake. Zile za fulana nyeusi unachapa maneno kama yalivyo. Zile za fulana nyeupe lazima uyageuze kwanza kwenye kompyuta, yawe kama yanavyoonekana kiooni, maana yakilazwa kifudifudi ndipo yanaponyooka. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya binti. Asubuhi hiyo binti aliitwa kazini mapema.

"Shangazi, usisahau kugeuza. Ni kitufe hiki hapa. Umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu."

Na kweli alimwona. Ila baada ya binti kuondoka, jua liliingia dirishani, likapita kwenye glasi ya maji iliyokuwa mezani, na ukutani kukatokea ziwa dogo la mwanga linalocheza. Yupo-Hayupo alitazama ziwa hilo. Mkono ukabonyeza, printa ikaguna, karatasi zikatoka. Alipiga pasi fulana zote kwa utulivu mkubwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na kasoro ya joto wala ya mkunjo.

Ni wifi aliyegundua. Alikuja kuzikunja, akainua moja, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Wifi. Hii ni lugha gani?"

Yupo-Hayupo alirudi kutoka alikokuwa. Herufi zote zilikuwa zimempa mgongo, kama watoto walionuna. Alikaa chini polepole. Karatasi zilikuwa zimekwisha, na mwenye saluni alizihitaji fulana alasiri hiyo hiyo.

"Nimemharibia mtu siku yake," alisema. "Tena."

Wifi alifungua kinywa, na mtu yeyote aliyemjua angejikunyata. Lakini alimtazama mwenzake aliyekaa pale sakafuni, mikono imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine, akafunga kinywa. Alizikunja fulana haraka haraka, akazitia kwenye mfuko.

"Inuka. Tunakwenda wote."

"Wewe uende kufanya nini, wifi?"

"Nikugombeze mimi, sawa, mimi ni wa nyumbani. Mtu baki akugombeze? Hapana. Vaa viatu. Vyote viwili."

Saluni mpya ilinukia rangi na mafuta ya nywele. Vioo vilikuwa pande zote, kiasi kwamba mtu akiingia mmoja anaingia kundi. Mwenye saluni alikunjua fulana, akaisoma, akashindwa, akaisoma tena. Kifua chake kikaanza kujaa pumzi. Wifi akashika kiuno, tayari kwa vita.

Lakini msusi mmoja, msichana mcheshi asiyeweza kuona nguo mpya akaiacha, alikuwa ameshajivika ya kwake. Alimrudia mteja wake aliyekuwa kitini, akashika kitana. Yule mteja akatazama mbele kiooni, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Ki-chwa cha-ko, ka-zi ye-tu."

Wote wakageukia vioo. Mle ndani maneno yalikuwa yamenyooka. Wasusi wengine wakavaa za kwao, na popote ulipotazama, ukutani kote, maneno yalielea kifuani mwa wanawake waliokuwa upande wa pili wa kioo. Nje ya kioo yalikuwa fumbo. Mteja aliyekaa kitini ndiye peke yake aliyeandikiwa.

Kicheko cha mwenye saluni kikafika mtaa wa pili. "Kumbe ulipanga! Mwanamke wewe, una akili kama mchwa!"

"Sikupanga," alisema Yupo-Hayupo, ambaye uongo haukuwahi kumkaa mdomoni. "Nilikuwa natazama maji ukutani."

Wifi alimfinya kiunoni. "Ni mnyenyekevu sana," alieleza.

Wakati wa kutoka, yule msusi mcheshi alimshika Yupo-Hayupo bega. Fulana aliyoivaa Yupo-Hayupo siku hiyo ilikuwa ya majaribio, aliyoipigia pasi yule paka wake juu ya ngazi. "Dada, picha hii uliitoa wapi?"

"Niliiota."

Msusi aliitazama kwa muda, kitana kikiwa kimesahaulika mkononi. "Na mimi nina ndoto moja," alisema kwa sauti ya chini. "Ukinisikiliza, unaweza kunichorea?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Saluni ni gazeti lisilohitaji mchapaji. Alasiri, jua linapolegea, watu walianza kubisha hodi wakiwa na fulana tupu kwapani na kitu cha kusema ambacho hawakuwahi kumwambia mtu. Muuza mikate alisimulia kwamba ndotoni baiskeli yake huwa inakula majani, naye anaona aibu kuipanda kabla haijashiba. Mlinzi wa ghala, anayelala mchana, aliota usiku wenye majua mengi madogo, yanayookotwa kama kokoto. Mwalimu aliota mvua ya chaki, na wanafunzi wake wamefungua vinywa kuidaka. Yupo-Hayupo aliwasikiliza wote bila kucheka wala kutafsiri. Aliuliza tu, "Baiskeli ilikuwa ya rangi gani?" Kisha alichora, printa ikaguna, pasi ikashuka. Na kama tunavyojua, mtu anayeambiwa ndoto hapaswi kuwa mahali pengine. Watu waliona kwamba alipowasikiliza, macho yake yalikuwa pale pale usoni mwao.

Wifi alipitapita na ndoo, akisikia vipande. Alasiri moja, wageni walipokwisha, alisimama mlangoni akifuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Mimi sioti," alisema.

"Kila mtu anaota, wifi."

"Si mimi. Tangu niolewe, sijui. Nikifumba macho naona giza, nikifumbua naona sufuria." Alijaribu kucheka. "Kwa hiyo mimi hunichorei kitu."

Yupo-Hayupo alisogeza kiti. "Kaa. Usiniambie ndoto. Niambie unachokitazama ukidhani hakuna anayekuona."

Wifi alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. "Mwanga," alisema mwishowe. "Ule mstari unaopita chini ya mlango mchana. Nilipokuwa mdogo nililala sakafuni, saruji ina baridi, mlango umefungwa. Mama alikuwa anapita upande wa pili na kazi zake, na miguu yake inaukata ule mwanga. Unakatika, unarudi. Nikijua yupo, nalala." Alitazama mikono yake. "Si kitu. Mwanga tu."

Yupo-Hayupo alichora mlango, akachora mstari wa mwanga chini yake, na vivuli viwili vya miguu. Safari hii aligeuza picha bila kukumbushwa. Ilipofika zamu ya pasi, alimpa wifi.

"Mimi?"

"Egemea. Si kwa mkono, kwa mwili. Hivyo. Sasa iweke pembeni, tungoje."

Wifi alinyoosha vidole kuibandua. Yupo-Hayupo akamshika kiganja, akakilaza juu ya karatasi, juu ya lile joto. "Ukibandua kwa pupa, picha inabaki kwenye karatasi. Ngoja ipoe."

Walikaa. Nje, shuka lilipigapiga kwenye kamba. Kiganja cha wifi kilitulia, mabega yake yakashuka, kichwa kikaegemea mgongo wa kiti, na funguo za kiunoni zikalia mara moja na kunyamaza. Pumzi yake ikawa ndefu.

Yupo-Hayupo alichomoa pasi kwenye umeme. Akanusa: maharage jikoni. Akaenda kwa ncha za vidole, akayaongezea maji, akapunguza moto, akarudi mlangoni.

Kaka yake aliingia na bisibisi zake. Alipomwona mkewe amelala kitini saa hiyo ya mchana, alishtuka. "Anaumwa?"

"Anaota."

"Huyu?" Alisogea, akainama. Midomo ya mkewe ilikuwa inacheza, kama anayeongea na mtu aliye karibu sana. Fundi alikuna kichwa. "Na chakula je?"

"Jipakulie, kaka. Taratibu."

Akavua viatu, akaenda jikoni kwa miguu mitupu. Mfuniko ukamponyoka, akaudaka kabla haujagonga sakafu, na nyumba nzima ikashusha pumzi.