Jiko la Da Zuhura, lililopotea wageni wakila

Tumemzika Da Zuhura jana, na leo asubuhi nimempigia simu kumwuliza kama ameamka salama. Akili inakataa kabisa.

Kwa msiomjua: Mtanga aliyehamia Bowie huku ughaibuni, mama yake Salma, mdomo usiojua likizo. Mimi Mkenya wa Nakuru alinikuta mji jirani wa Columbia sina hata koti la baridi, akanifanya mdogo wake bila kuniuliza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini jimbo letu lilikuwa linaandaa mpango wa chakula wa jimbo zima: nani alime, nani auze, watoto wale nini shuleni. Wakaitwa stakeholders, yaani wadau. Wakulima wa mahindi, wavuvi wa kaa, wenye maduka ya jumla. Da Zuhura akasikia redioni, akaniambia, "Mdogo wangu, kwani sisi hatuli?"

Hakualikwa. Aliingia tu, akavuta kiti.

Alitaka kitu kimoja: jiko la pamoja lenye leseni. Kina mama zetu walipika majumbani, na chakula kilichopikwa nyumbani hakikuruhusiwa kuuzwa dukani. Mama Benga, Mkongo wa Riverdale, maandazi yake yaligombaniwa kila harusi, lakini dukani yaliishia mlangoni.

Facilitator, yaani mwendeshaji wa vikao, Bi Linda, alikuwa na sheria yake. Jambo likipendekezwa, asiyekubali aseme hapo hapo. Ukinyamaza, umekubali. Hiyo ndiyo ilikuwa consensus.

Kwa Da Zuhura sheria hiyo ilikuwa kama sukari. Kila walipotaka kuligusa jiko lake, mkono ulikuwa juu kabla hawajamaliza sentensi.

Vikao vilizunguka, kila kundi likapata zamu ya kuwa mwenyeji. Cha mwisho kikaangukia kwetu, ukumbini Riverdale. Da Zuhura akapika pilau kama anayeoza binti.

Watu wakiwa wanakula, mzee mmoja wa maduka ya jumla akapendekeza jiko la pamoja liondolewe kwenye mpango, lifikiriwe miaka ya mbele. Bi Linda akauliza, "Any objections?" Akangoja. Akauliza tena.

Sote tukamtazama Da Zuhura. Mwenyeji yupo, nani amtangulie kusema? Naye alikuwa amesimama nyuma ya mzee yule yule, upawa mkononi, anamwongeza pilau. Akatabasamu. Likapita.

Nikamvamia parking. "Da Zuhura, umenyamaza? Wewe?"

"Mtu ana tonge langu mdomoni, nianze kubishana naye? Nyumbani kwangu? Nitawapigia kesho."

Kesho yake walimjibu kwa upole sana kwamba jambo lilishakubaliwa na wote. Mpango ukachapishwa, karatasi zinang'aa, jiko halimo.

Mama Benga akaacha maandazi, akaenda kusafisha maofisi. Tangu hapo Da Zuhura akimwona harusini anahama meza. Mama Benga mwenyewe alimfuata siku moja, akamwambia, "Yaya, dada yangu mkubwa, ile ni heshima. Hata miye ningenyamaza." Haikusaidia.

Inaniuma. Mtu hakuiba, hakusengenya, alimlisha mgeni tu, na jambo hilo likamkaa kifuani miaka yote hii. Na najua wengi wetu tungefanya vile vile, ndiyo maana linauma zaidi.

Mwezi uliopita akanipigia anacheka. Wanaupitia upya ule mpango, wameita wadau tena. "Safari hii sipiki," akasema. "Waje na sandwich zao."

Ijumaa moyo wake ukasimama.

Msibani nilimsemesha Salma kwa Kiswahili, akanijibu kwa kile Kiingereza chao. "Auntie, she was practicing what to say. Out loud. To the fridge."

Nililia pale jikoni kwake mpaka wakaja kunitoa.

Dada, kikao ni wiki ijayo, na kina mama wamesema niende mimi. Sina mdomo wako, na unajua ninavyotetemeka mbele ya watu. Mama Benga atakaa karibu yangu. Wakiuliza nani anapinga, nitasimama, hata wawe wanatafuna.

Lala unono, Da Zuhura.