Shemeji na Raboti Yangu

Hasira yenyewe haijaniisha, nasema ukweli. Machozi ya kilio cha marehemu mume wangu hayajakauka, shemeji yangu mkubwa akaingia kwenye karakana yetu hapa Rugenge na vijana wanne na kamba. Wamekuja kubeba raboti.

Raboti ni mashine ya kuranda mbao. Yetu ni ya zamani, chuma kizito kama ng'ombe aliyelala, mume wangu aliipata kwa mapadri waliomfundisha kazi. Miaka yote minye, mimi mkewe, ndiye nilikuwa nasukuma ubao, yeye anaupokea upande wa pili. Ndiyo imelisha watoto wangu. Ikiondoka, narudi kwetu Sange kulima mpunga wa watu.

Tena ilikuwa imeanza kugoma. Ukiwasha, moteri inanguruma tu, haizunguki.

"Mashine iko imekufa," shemeji akasema. "Vitu vya ndugu yetu vinarudi kwa familia. Tutaiuza vyuma chakavu."

"Na ikizunguka?"

Akacheka. "Ikizunguka, bakia nayo. Hawa vijana ni mashahidi."

Sasa huyu shemeji anatengeneza mashine za mitumbwi kule Kalundu, basi kwake kila moteri ni ya mtumbwi, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba. Akafungua mkanda unaounganisha moteri na visu, akazungushia kamba kwenye puli, akawasha, akavuta kwa nguvu zake zote. Moteri ikakimbia kweli! Akanyoosha mikono kama mtu aliyefunga goli. Nikatazama puli: inakimbia kinyume. Mavi ya kuku! Visu vya raboti vikizunguka hivyo, mbao utaranda na nini, na mgongo?

"Inaenda kinyume, shemeji."

"Mwanamke utajua nini mambo ya moteri?"

Akaizima, akaiwasha bila kamba. Ikanguruma tu. "Munaona? Imekufa. Funga kamba, tubebe."

Hapo damu ilinipanda kichwani. Nikamnyang'anya bisibisi mkononi. Mtu aliyekufa humvuti kwa kamba akakimbia! Moteri inayokubali kukimbia ikisukumwa iko nzima, inakosa tu wa kuianzisha. Nikachomoa waya, nikazungusha puli kwa kidole, ikateleza vizuri bila kukwaruza. Nikainusa, hakuna harufu ya kuungua. Nikafungua kifuniko cha juu, na yule mwenye makosa alikuwa pale: kondasateri, kile kikopo kinachoipa moteri nguvu ya kuanza. Tumbo limevimba.

Nikatoka mbio mpaka kwa jirani yangu mwenye kinu cha muhogo. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na mabeseni. Nilipomweleza, hakuuliza mara mbili. Alizima kinu, tukafungua kondasateri ya moteri yake, namba zinalingana na za kwangu. "Nenda, mama," akasema. "Hawa wa muhogo watangoja." Wangoje wapi! Wakanifuata na mabeseni yao kichwani.

Nikaunganisha, nikarudisha mkanda, nikawasha. Raboti ikaimba. Nikaingiza ubao mmoja, ukatoka upande wa pili laini, na hapakuwa na mtu wa kuupokea. Ukaanguka chini. Machozi yakanitoka mbele yao, nikayafuta kwa mkono wenye grisi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Shemeji akaja kupapasa ule ubao. "Kumbe iko nzima kabisa," akasema polepole. Akawageukia vijana. "Basi haiendi kwa vyuma. Tunaipeleka kwangu. Mubebe polepole, musivunje kitu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikawaangalia mmoja mmoja wale mashahidi wake, wote wanatazama viatu vyao. Ndiyo ile wanasema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua, huchukuliwa na mwewe. Nimeitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ili wanipokonye!

Nikazima. Nikangoja visu visimame. Kisha nikapanda juu ya meza ya raboti, minye mama wa watoto watano, nikakaa, miguu inaning'inia.

"Mubebe," nikasema. "Mubebe pamoja na minye."

Kijana mmoja akaiachia kamba. Shemeji akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu tulipozika. Nikamtazama na minye. Sikushuka, na kamba hakuna aliyeiokota.