Kompyuta Iliyokula Majina ya Jioni

Wadau, mwaka 2013 pale Kibondo kuna kompyuta ilikuwa inakula watu.

Siyo nyama, majina. Kila jioni tukifunga ofisi, wakulima tuliowaandikisha saa ya mwisho walipotea. Asubuhi unawasha, hola.

Ofisi yetu iligawa mbegu za mahindi. Jina halimo, mbegu hupati. Watu wa Busunzu, ambao kwa umbali wao hufika jioni, walirudi mikono mitupu mara mbili. Wakaanza kutuita wezi.

Bosi wetu, Mzee Nurudini, akanigeukia mimi Saady, fundi wa kompyuta.

"Kijana, nani anatuhujumu?"

Nikajibu bila kupepesa macho: "Ni da Mwamvua, mzee. Akipiga deki anachomoa waya."

Mwamvua alikuwa mfanya usafi wetu, mama wa watoto wanne. Sikuwahi kumwona akigusa waya hata siku moja. Ila lazima apatikane mtu, na huyo mtu nisiwe mimi!

"Ijumaa ndiyo mwisho wake," mzee akasema.

Alhamisi Mwamvua hakuja, mtoto anaumwa. Deki haikupigwa. Mashine niliizima mwenyewe, kwa amri, kistaarabu kabisa.

Ijumaa asubuhi, majina kumi na moja hayapo.

Nikampigia Polycarpe, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyenifundisha Linux, mfumo unaoendesha mashine yetu.

"Mon frère, ndugu yangu," akasema, "ukiipa mashine amri ya kulala, inapita mu folda ya rc0.d. Kila faili yenye jina inaanza na K inafunga programu moja. Namba kidogo inafungwa ya kwanza. Soma zako."

Zangu zilikuwa mbili. Ghala, programu inayotunza majina, niliipa K01. Msajili, inayoyapokea na kuyapeleka kwa Ghala kila baada ya saa moja na wakati wa kufunga, niliipa K90.

"Sasa Ghala mbele kwa nini?"

"Si ndiye mkubwa? Kwetu mkubwa hutangulia. Hata maji ya kunawa anaanza yeye."

Polycarpe alicheka mpaka akakohoa.

"Kunawa, ndiyo. Kufunga, hapana! Mwenye stoo umemutuma alale, na babebaji bako njiani na mizigo. Bataweka wapi?"

Ndipo nikaelewa. Kila jioni Msajili alikuta Ghala keshafungwa, naye akazimwa na majina yake mkononi.

Nikageuza namba. Nikajaribu mara tatu, majina yote yakabaki. Hakuna aliyejua, na wallahi nilitamani kunyamaza.

Lakini Mwamvua alikuwa kwa bosi, anarudisha funguo huku analia. Roho ikaniuma. Nikaingia, nikasema yote.

"Kumbe mchawi ni wewe!" mzee akafoka. "Muombe radhi. Na deki utapiga wewe mwezi mzima, yeye akikusimamia."

Jumatatu saa mbili asubuhi Mwamvua akanikabidhi ndoo. Nikaanzia mlangoni kwa mbwembwe, nasugua narudi nyuma, nasugua narudi nyuma, hadi mgongo ukagusa ukuta. Kuinua kichwa, sakafu yote imelowa, mimi nipo kona ya ndani.

Mwamvua kasimama nje ya mlango, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu, sasa utatokaje?"

Ndugu zangu, kabla hujamnyooshea mtu kidole, kakague kwanza kazi ya mikono yako. Mimi nilipata muda mrefu wa kulifikiria hilo, maana sakafu ilikauka saa nne na nusu.