Mbuzi wa Kutuosha

Harufu ya mavi ya tumboni mwa mbuzi haitoki kwa sabuni. Nilimsugua dadangu mdogo mgongo na kifua hadi akalia, na bado alinuka. Hadi leo nikipita karibu na kichinjio cha Machakos, naziba pua.

Mama alikufa kwa tumbo. Mama mdogo akamfuata, na mwaka juzi kaka yetu, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akimeza uji na kuutapika mweusi kama machicha ya kahawa. Pale Kalama kila mtu alikuwa na jibu moja: ni kithitu, kile kiapo ambacho babu, baba yake mama, alikila kwa uongo kwa ajili ya mpaka wa shamba, na sasa kinatumaliza mmoja mmoja. Dadangu alipoanza kushiba kwa matonge mawili na kushika chembe cha moyo, nilisema twende hospitali. Mjomba, kaka yake mama, akasema tuoshwe kwanza.

Basi tukaoshwa. Mganga alipasua tumbo la mbuzi, akachota ule uchafu wa kijani ukiwa bado unatoa mvuke, akampaka dadangu kifuani, tumboni, hata midomoni. Ati anamsafisha! Mjomba alisimama kando akiitikia, yeye mzee wa kanisa. Nilitamani kumtemea mate.

Baadaye tulikuwa nyuma ya jikoni tukisafisha matumbo, mimi na mke wa mjomba, na hakuweza kunitazama.

"Mwanangu," akasema polepole, "mpeleke huyo msichana kwa daktari. Kaka yenu alipolazwa, daktari alimwita mjomba wako kando. Alisema hii kansa inatembea na damu ya familia, nyinyi wote mpimwe. Mzee akanikataza kusema."

Niliingia ndani na mikono yangu vile ilivyokuwa. Mjomba alikuwa amekaa na wazee, anatafuna ini.

"Ulijua?"

Alimeza kwanza.

"Tulikuwa tunangoja mbuzi za ntheo," akasema.

Ntheo ni wale mbuzi wa mahari ambao kwetu, bila wao, msichana hahesabiki ameolewa, na binti yake alikuwa amechumbiwa kule Mwala.

"Kithitu kinaoshwa, kinaisha," akaendelea. "Damu utaiosha na nini? Nani angeoa kwangu akisikia tuko na ugonjwa wa damu?"

Shenzi! Nilimwambia hivyo hivyo, mjomba wangu, mbele ya wazee, na sijutii. Wazee waliguna wakaniambia nina adabu mbaya. Yeye alipangusa mafuta kidevuni, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine.

Wiki hiyo hiyo dadangu akamezeshwa ule mpira wenye kamera, kisha akapigwa picha. Daktari alikuwa yule yule wa kaka yetu. Alituambia uvimbe umeshatoka tumboni na umefika kwenye ini. Halafu akauliza mbona tumechelewa hivi, na yeye alimwambia mjomba wetu mapema.

Dadangu alinigeukia mimi.

"Binti ya mjomba ameambiwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Mpigie simu sasa hivi," akasema, "kabla hawajamtafutia mbuzi wa kumwosha."