Kikohozi cha Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Kinyamaseke, mwanangu, nilipoamshwa na kikohozi kutoka bandani. Kilikuwa kikavu, chenye kufuatana, na kilimtoka nguruwe jike wa mama yangu aliyekuwa na mimba pevu. Mama alikuwa mjane. Jike yule na watoto aliowabeba ndio waliokuwa tegemeo letu la kubaki shuleni.

Yafaa nikueleze kwanza desturi ya nyumba yetu. Tulipakana na Mzee Isa, Mwislamu aliyesafirisha mizigo kwa lori kati ya Kasese na Bwera. Kwa kumstahi, mama hakulitamka kamwe neno nguruwe uani. Aliwaita wageni. Wageni wamekula, wageni wapewe maji. Nasi watoto tukakua tukisema vivyo hivyo.

Mama alidhani ni baridi ya upepo wa milimani. Akaziba banda kwa magunia na turubai hata hewa isipite. Kikohozi hakikupungua. Jike akaacha pumba zake, akawa anapumua kwa tumbo, mbavu zikipanda na kushuka upesi, na dume mchanga aliyelala kando yake akaanza kukohoa naye. Kila banda lilipokuwa kimya tuliogopa zaidi. Mama akanituma, machozi yakimlenga, nikamtazame mgeni kama angali hai.

Mzee Isa aliyasikia maneno hayo akiwa nyumbani kwake. Akaingia uani, amevaa tayari kwa safari.

"Mugonjwa iko wapi, Mama Baluku? Gari inaenda Bwera sasa hivi. Nitamubeba mbele na mimi, mpaka hospitali."

Mama aliinamisha kichwa. Alijaribu kueleza kwamba mgeni huyo hasafiri, na kwamba hospitali haimfai. Kila neno likamtia mzee shaka zaidi, hata akauliza kama tunaficha kifua kikuu. Mwishowe mama akasema, "Si mutu, mzee. Ni nguruwe."

Mzee Isa akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi kila siku naombea wageni yenu dua!" Kicheko kilipokwisha aliongea polepole. "Mama, kusikia jina hiyo haiwezi kunichafua. Piga simu kwa daktari ya mifugo. Na kwake usiseme mgeni."

Daktari alifika kutoka Kasese, akasikiliza mbavu za jike, akasema bakteria wameingia mapafuni, na kwamba kwa kuziba banda tuliwafungia wanyama pamoja na ugonjwa na mvuke wa mkojo wao. Akachoma sindano, akaagiza magunia yashushwe na wanaokohoa watengwe. Dume mchanga alikufa jioni ile. Jike alikaa kati ya uhai na kifo siku kadhaa, kisha akazaa. Si watoto wote walioishi, ila waliobaki walitutosha.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mnyama wako akikohoa, usimzibie hewa. Mtenge, uangalie apumuavyo, umwite daktari siku hiyo hiyo, wala usikimbilie kumwuza ili mwingine aurithi ugonjwa. Mheshimu jirani yako, lakini heshima hiyo isikufunge kinywa unapohitaji msaada. Mungu akujalie kifua chepesi, wewe na kila kipumuacho chini ya paa lako, na siku ya hofu asikukoseshe mtu wa kukujulia hali.